Maswali ya wasomaji: mshahara wa Marekani na kodi yake

Barua za safari hii zinatoka kwa wasomaji wanaofanya kazi Marekani. Wengi wanaijua tarakimu ya mshahara wao lakini hawajui kilichoukata. Hesabu zote hapa ni za kodi ya serikali kuu kwa mwaka 2026, ila pale tuliposema vinginevyo. Majimbo yana mambo yake: Texas, Florida na Tennessee hazitozi kodi ya mshahara, Minnesota na California zinatoza, na katika Ohio hata mji unatoza.

Maneno mawili kwanza, kwa sababu yanachanganywa karibu katika kila barua. Punguzo hupunguza mapato yanayopigiwa hesabu ya kodi. Nafuu huondolewa kwenye kodi yenyewe. Mtu ambaye dola zake za juu kabisa zinatozwa asilimia 12, yaani aliye katika daraja la asilimia 12, akipata punguzo la dola 100 ameokoa dola 12. Akipata nafuu ya dola 100 ameokoa dola 100 kamili.

Nafanya kazi ghalani, napata dola 65,000 kwa mwaka, sijaoa. Bosi anataka kuniongeza dola 3,000. Wenzangu wanasema nitaingia daraja la asilimia 22 na kubaki na pesa kidogo kuliko sasa. Nikatae? (Msomaji, Houston)

Usikatae, na waoneshe wenzako hesabu hii, maana uvumi huo unawanyima watu nyongeza wanazostahili.

Kwanza unaondoa punguzo la kawaida, ambalo kwa mtu asiye na ndoa ni dola 16,100. Katika 65,000 zinabaki 48,900. Dola 12,400 za mwanzo zinatozwa asilimia 10, yaani 1,240. Zilizobaki 36,500 zinatozwa asilimia 12, yaani 4,380. Kodi yako ya sasa ni dola 5,620.

Ukipata 68,000, baada ya punguzo zinabaki 51,900. Daraja la asilimia 22 linaanzia dola 50,400, kwa hiyo ni dola 1,500 tu za juu kabisa zinazoliona. Zile za chini hazibadiliki hata senti. Kodi mpya ni 6,130, yaani imepanda kwa dola 510. Ongeza makato ya hifadhi ya jamii na ya Medicare (bima ya afya ya wazee), asilimia 7.65 ya nyongeza, dola 229.50. Katika dola 3,000 utaweka mfukoni 2,260.50. Texas haikudai kitu.

Palipo na hatari ya kweli ni pengine. Familia yenye watoto wawili au zaidi inayopata nafuu ya mapato ya kazi, ile inayoitwa EITC, hufika mahali ambapo kila dola inayoongezeka inaipunguza nafuu hiyo kwa senti 21 hivi, juu ya kodi na makato mengine. Misaada ya chakula na ya matibabu nayo ina vikomo vyake vya kipato. Mwenye hali hiyo na apige hesabu kabla ya kubadilisha saa za kazi. Wewe huko haupo.

Jambo moja zaidi kwa watu wa ghalani. Kuanzia 2025 hadi 2028 kuna punguzo la ovataimu, mwisho dola 12,500 kwa mtu mmoja, na linaanza kupungua mapato yakizidi 150,000. Halihusu malipo yote ya ovataimu. Kama saa yako ya kawaida ni dola 24 na ya ovataimu ni 36, kinachopunguzwa ni zile 12 za nyongeza. Na makato ya asilimia 7.65 yanaendelea kukatwa kwenye zote 36.

Ni msaidizi wa wauguzi. Nanunua sare, viatu na petroli kwa pesa yangu. Mtayarishaji mmoja wa kodi ameniahidi "kuandika gharama zote" ili nirudishiwe nyingi. Ni halali? Mshahara wangu ni dola 42,000. (Msomaji, Columbus)

Kama unalipwa kama mwajiriwa na mwisho wa mwaka unapewa fomu ya W-2 (taarifa ya mwajiri ya mshahara na makato yako), si halali. Gharama za kazi ambazo mwajiri hakukurudishia ziliondolewa kwenye mapunguzo ya serikali kuu kuanzia 2018, na sheria ya 2025 ikaifanya hali hiyo kuwa ya kudumu. Walioachiwa mlango ni wachache, kama walimu wenye punguzo lao dogo la vifaa vya darasani. Safari ya nyumbani hadi kazini haikuwahi kukubaliwa hata zamani.

Njia ya kuorodhesha mapunguzo moja moja ipo, lakini ina faida pale tu jumla inapozidi punguzo la kawaida. Huchukui yote mawili. Wewe ungehitaji zaidi ya dola 16,100 za riba ya mkopo wa nyumba, kodi za jimbo na mji, sadaka kwa taasisi zinazotambuliwa na gharama za matibabu. Za matibabu zenyewe huanza kuhesabiwa baada ya asilimia 7.5 ya kipato, na kwa kipato chako hiyo ina maana dola 3,150 za mwanzo hazihesabiwi. Mpangaji wa kawaida hafiki huko. Kipya cha 2026 ni kwamba hata asiyeorodhesha anaweza kupunguza sadaka ya pesa taslimu hadi dola 1,000, ilimradi taasisi inatambuliwa na risiti ipo.

Mzigo wako mkubwa hauko kwenye kodi ya mapato hata kidogo. Toa 16,100 katika 42,000, zinabaki 25,900, na kodi yake ni dola 2,860. Makato ya hifadhi ya jamii na Medicare yanaanza kwenye dola ya kwanza bila punguzo lolote la kawaida: asilimia 6.2 na 1.45, jumla dola 3,213. Columbus nayo inachukua asilimia 2.5 ya mshahara, na jimbo lina fungu lake. Hili linatuuma kulieleza, kwa sababu watu wa kipato chako ndio wanaouziwa ahadi za "mapunguzo" ambayo hayagusi sehemu kubwa ya wanachokatwa.

Kinachosaidia kweli kinafanyika ofisini kwa mwajiri kabla mshahara haujatoka. Bima ya afya inayokatwa kabla ya kodi inakuokolea kodi ya mapato na yale makato pia: kwa kila dola 100 ya bima unaokoa kama dola 19.65. Akiba ya uzeeni ya 401(k) ya aina ya kawaida inaokoa dola 12 za kodi kwa kila 100, ingawa 7.65 inakatwa kama kawaida. Kama mwajiri anachangia, weka angalau kiasi cha kupata mchango wake wote.

Na huyo mtayarishaji: mwulize kama atatia saini ritani (fomu ya kodi ya mwaka unayopeleka serikalini) na kuandika namba yake ya PTIN, ile wanayopewa watayarishaji wa kodi wanaolipwa. Anayelipwa halafu akakataa kusaini, mwondokee. Ritani ikikaguliwa, mdaiwa ni wewe.

Mimi na mke wangu kila mmoja anapata dola 48,000. Wote tunakatwa kodi kila malipo, lakini mwisho wa mwaka tunadaiwa maelfu. Kosa liko wapi? (Msomaji, Minneapolis)

Liko kwenye fomu ya W-4, ile mliyojaza siku ya kwanza kazini kumwelekeza mwajiri akate kodi kiasi gani. Inaelekea wote mmechagua ndoa yenye ritani ya pamoja na kuiruka hatua ya 2, ile ya wanandoa ambao wote wanafanya kazi.

Mwajiri wako hamjui mke wako. Anaondoa punguzo zima la wanandoa, dola 32,200, kwenye mshahara wako peke yake. Zinabaki 15,800, anakata asilimia 10, yaani 1,580 kwa mwaka. Mwajiri wa mke wako anafanya vilevile. Mmekatwa 3,160. Lakini punguzo hilo ni moja kwa nyumba nzima: mapato yenu ya pamoja ni 96,000, toa 32,200, zinabaki 63,800, na kodi ni 7,160. Pengo ni dola 4,000 kamili, hapo hatujagusa kodi ya Minnesota.

Dawa ni kila mmoja kuomba W-4 mpya na kuweka alama kwenye kisanduku kidogo cha hatua ya 2(c), nyote wawili. Kila mwajiri atatumia nusu ya punguzo na nusu ya madaraja, atakata 3,580, na jumla itakuwa ile ile 7,160. Njia hii inafaa mishahara ikikaribiana. Ikitofautiana sana, tumieni kikokotoo cha IRS, idara ya kodi ya serikali kuu, mkiwa na karatasi zenu za mshahara mkononi, kisha mwandike kiasi cha ziada cha kukatwa kwenye hatua ya 4(c). Mkibadilisha katikati ya mwaka, 2(c) haifidii miezi iliyopita: gaweni pengo lililobaki kwa idadi ya malipo yaliyobaki. Watoto waandikwe hatua ya 3 kwenye fomu moja tu, ya mwenye mshahara mkubwa. Kuwaandika kwenye fomu zote mbili kunaleta deni lile lile kwa mlango mwingine.

Watoto wangu wawili wanaishi nje ya Marekani na bibi yao, na mimi ndiye ninayewalisha. Naweza kudai nafuu kwa ajili yao? (Msomaji, Louisville)

Kwa nafuu ya mtoto ya dola 2,200, hapana. Mtoto awe chini ya miaka 17, awe na namba ya Social Security, na awe ameishi nawe zaidi ya nusu ya mwaka. Pesa unazotuma nazo si punguzo. Tunajua ni mzigo halisi, lakini fomu haina mahali pake. Asikushawishi mtu kuandika anwani yako kama ndiyo yao: uongo wa makusudi unakufungia nafuu hii kwa miaka 10, na uzembe uliokithiri kwa miaka 2.

Nimefanya kazi ya kupeleka chakula kwa gari mwaka 2025, nimelipwa dola 22,000 bila kukatwa chochote. Nifanye nini? (Msomaji, Seattle)

Kwa sheria wewe ni mfanyabiashara, kwa hiyo gharama zako zinakubalika, tofauti na yule wa Columbus. Zinaandikwa kwenye fomu ya Schedule C. Kubwa ni maili: 2025 kila maili ya kazi ilikuwa senti 70. Maili 14,000 ni dola 9,800, na zinabaki 12,200. Kiwango hicho kimeshabeba petroli, matengenezo na bima, usiziandike tena. Maegesho na ushuru wa barabara wakati wa kazi ni juu yake.

Kinachowaangusha madereva ni daftari. Andika tarehe, ulikoanza, ulikokwenda, sababu na maili, siku ile ile. Programu ya simu mara nyingi inahesabu tu maili za oda, na zile za kutoka oda moja kwenda nyingine zinapotea ingawa ni halali.

Kisha inakuja kodi ya kujiajiri, asilimia 15.3, kwa sababu unalipa fungu lako na la mwajiri. Zidisha 12,200 kwa 0.9235, upate 11,266.70. Asilimia 15.3 yake ni kama dola 1,724. Nusu yake ni punguzo kwenye kodi ya mapato. Mwaka huu lipa kwa awamu: 15 Aprili, 15 Juni, 15 Septemba na 15 Januari.

Nadaiwa dola 1,800 na sina. Nisubiri nipate ndipo nipeleke ritani? (Msomaji, Dallas)

Peleka sasa bila pesa. Adhabu ya kutopeleka ni asilimia 5 ya deni kwa kila mwezi, mwisho 25. Adhabu ya kutolipa ni asilimia 0.5 kwa mwezi. Kwa miezi minne, anayekaa kimya anaongezewa zaidi ya dola 500, maana ritani ikichelewa zaidi ya siku 60 adhabu ya kutopeleka ina kiwango chake cha chini, na aliyepeleka ritani anaongezewa 36, wote wakiwa na riba juu yake. Ukiomba muda hadi 15 Oktoba kwa fomu 4868, ni muda wa kupeleka karatasi tu, deni bado ni la Aprili. Lipa chochote ulichonacho siku ya kupeleka, kisha omba mpango wa malipo kwenye tovuti ya IRS. Kwa deni lisilozidi dola 50,000 unaweza kupewa miaka kadhaa ya kulipa kidogo kidogo.