Maswali na Majibu: Tiara ya Kijapani ya pembe sita inayoelemea upande mmoja

Swali: Ninafundisha sanaa na kazi za mikono katika shule ya sekondari mjini Morogoro. Nimetengeneza tiara ya Kijapani aina ya rokkaku, yenye upana wa sentimita 80 na urefu wa sentimita 100, kwa fito za mwanzi na karatasi ya kaki ya kufungia vifurushi. Upepo ukiwa mwanana hupaa vizuri bila mkia, lakini upepo ukizidi kidogo huanza kuelemea kushoto kwangu, kisha hubiringika na kuanguka. Hatamu, yaani nyuzi fupi zinazounganisha tiara na uzi wa kurushia, nimezipima tena na tena, nazo ni sawa pande zote. Isitoshe, karatasi hukunjamana gundi inapokauka. Je, niifunge mkia? Na je, tiara ya namna hii inawezekana kweli bila ile karatasi maalumu ya Kijapani?

Jibu: Mwalimu, mkia uache kwanza. Katika maelezo yako umekwisha kutaja dalili iliyo muhimu kuliko zote, nayo ni kwamba tiara hutulia katika upepo mdogo na huelemea upande mmoja upepo unapozidi. Kasoro ya hatamu, kwa mfano mguu mmoja kuwa mfupi kuliko mwenzake, kwa kawaida huonekana hata katika upepo hafifu, na ndivyo ilivyo pia kasoro ya uzito, kama vile gundi iliyorundikana upande mmoja. Kasoro inayojificha hadi upepo uongezeke mara nyingi imo ndani ya mwanzi wenyewe: ubavu mmoja, yaani ufito wa mlalo, au zote mbili, una nusu iliyo laini kuliko nusu ya pili. Upepo unaposukuma, nusu ile laini hupinda kwenda nyuma zaidi na kuuachia upepo upite, na tiara huangukia huko. Kwa hiyo upande ulio kushoto kwako ndio dhaifu. Kumbuka kwamba ukiigeuza tiara na kuifanyia kazi kwa nyuma, upande huo utakuwa mkono wako wa kulia; utie alama ya penseli kabla hujagusa kitu.

Ziko tiara za Kijapani zinazohitaji mkia, lakini rokkaku si mojawapo. Asili yake ni mji wa Sanjo, katika mkoa wa Niigata, ambako hushindanishwa katika mapambano ya angani kila mwanzoni mwa Juni, na tiara ya mapambano yenye mkia ingekuwa nzito kugeuza. Utulivu wake hutoka kwenye mbavu mbili za mlalo, ambazo hupindwa kwa uzi unaovutwa nyuma kutoka ncha hadi ncha, hata mabawa yakalala nyuma kidogo. Tiara ikiinama upande mmoja, bawa lililoinama huukabili upepo kwa eneo kubwa zaidi kuliko lile lililoinuka, nalo hurudishwa juu. Hesabu hiyo hufanya kazi mradi mabawa yote mawili yanapinda sawasawa. Ukiifunga mkia, mkia utaivuta tiara ikae wima na kuificha kasoro, na katika upepo wa nguvu zaidi utarudi pale pale.

Tuanze basi na mwanzi, kwa sababu humo ndimo kazi yote ilimo. Mafundi wa Japani hupenda aina iitwayo madake, ambayo ina pingili ndefu na nyuzi zilizonyooka, na huikata katika miezi ya baridi, wakati utomvu umepungua, ili wadudu watoboao wasivutiwe na wanga uliomo. Kwetu kanuni hiyo humaanisha kukata wakati wa kiangazi, kuchagua mwanzi uliokomaa kwa miaka mitatu au zaidi, na kuukausha kivulini kwa majuma kadhaa. Mwanzi wa njano unaopandwa kwa mapambo unafaa pia, ila ukuta wake ni mnene, kwa hiyo utachonga sana, na dumuzi huupenda mno ukikatwa wakati wa mvua.

Unapopasua, anzia kwenye ncha nyembamba na ugawe nusu kwa nusu kila mara: vipande viwili, vinne, vinane. Ufa ukianza kukimbilia upande mmoja, shika kipande kilicho kinene na ukipinde zaidi kuliko kile chembamba. Ufa utarudi katikati. Mbavu mbili za mlalo zitoke kwenye mapasuo yanayopakana ya mwanzi ule ule, ili mafundo yake yalingane. Fundo ni gumu kuliko pingili, na kwa hiyo katika kila ubavu ama fundo moja likae katikati kabisa, ama mafundo mawili yawe mbali na katikati kwa umbali ulio sawa. Nimeona tiara nyingi zilizopakwa rangi kwa ustadi mkubwa huku fundo moja likiwa sentimita 15 kushoto na lingine sentimita 28 kulia, na mwenye tiara akihangaika na nyuzi siku nzima.

Kwa kipimo chako, ubavu uwe na upana wa milimita 7 na unene wa milimita 4 hivi katikati, ukipungua taratibu hadi milimita 3 kwenye ncha. Uti wa mgongo, yaani ufito wa wima wa katikati, unaweza kuwa milimita 8 kwa 5, na huo unatakiwa uwe mnyoofu tu. Uliopinda upitishe juu ya makaa au mshumaa hadi ganda lianze kutoa jasho la mafuta, uunyooshe, kisha uushike hivyo hivyo huku ukiupoza kwa kitambaa chenye maji. Daima chonga upande wa ndani na wa pembeni. Ganda la nje usiliguse, kwani nyuzi zilizosongamana na zenye nguvu ziko huko.

Sasa kipimo chenyewe cha ulinganifu. Funga uzi kutoka ncha hadi ncha ya ubavu hadi katikati pawe na nafasi ya sentimita 10 kati ya uzi na mwanzi. Laza upinde huo juu ya karatasi kubwa, tia alama ya katikati, na uchore mkunjo wake wote kwa penseli. Kisha ugeuze ili ncha ya kushoto ikae kulia, uoanishe alama ya katikati na zile ncha mbili, na uchore tena. Mistari miwili ikilaliana, ubavu wako ni mzuri. Ikiachana, nusu iliyonyooka zaidi ndiyo ngumu. Ikwangue upande wa ndani, mahali pale mistari inapoanza kuachana, kwa makali ya kisu kilichosimamishwa wima au kwa kipande cha kioo, na yatoke mabanzi membamba kama nywele. Kwangua mara chache, pima tena, kwangua tena. Mara nyingi ncha iliyotoka upande wa mzizi ndiyo itakayodai kukwanguliwa zaidi, kwa sababu huko ukuta wa mwanzi ni mnene. Kazi hii haina njia ya mkato, na kwa mtazamo wangu wanafunzi wako watajifunza mengi zaidi katika saa hiyo moja kuliko katika kupaka rangi kwa juma zima.

Kwa kuwa tiara yako imekwisha kubandikwa karatasi, huhitaji kuibomoa. Fungua nyuzi za upinde, ilaze kifudifudi juu ya meza, na uukwangue kwa uangalifu upande wa nyuma wa nusu iliyo ngumu, yaani ile iliyo kulia kwako wakati wa kurusha, kwanza kwenye ubavu wa juu. Hii inawezekana endapo ganda la mwanzi linatazama karatasi. Ikiwa ulilielekeza nyuma, ni afadhali kuung'oa ubavu huo na kuchonga mwingine. Usijaribu kuimarisha nusu dhaifu kwa kuibandika kibanzi cha ziada, maana utakuwa umetibu ugumu na kuleta tatizo la uzito.

Kuhusu karatasi kukunjamana, chanzo ni maji ya gundi. Nyuzi za karatasi hunywa maji na kutanuka, kisha hukauka na kusinyaa kwa kutofautiana, hasa kama gundi ni nyepesi na imepakwa kwenye karatasi. Ipike nzito: kijiko kimoja cha unga wa ngano kwa vijiko vitano vya maji, ukikoroga juu ya moto mdogo hadi iwe ya kung'aa, kisha ipoze na uichuje. Ipake kwenye mwanzi na si kwenye karatasi, halafu uweke vitu vizito juu hadi ikauke kabisa, ndipo ufunge nyuzi za upinde. Kwenye kingo, rokkaku haina fito. Pitisha uzi kuzunguka pembe zote sita, ukunje karatasi kiasi cha sentimita 2 juu ya uzi huo, na uibandike. Uzi ukikazwa mno kingo zitavutwa na karatasi itakunjamana hata kama gundi ni bora, kwa hiyo uwe umenyooka tu.

Karatasi ya washi, ile ya Kijapani uliyoiulizia, ni nzuri kwa sababu inayoeleweka. Aina inayotumika zaidi kwa tiara hutengenezwa kwa gome la ndani la kozo, mti wa jamaa ya mforosadi, ambao nyuzi zake hufikia sentimita 1 hivi, ilhali nyuzi za karatasi ya kawaida itokanayo na mbao ni za milimita chache tu. Nyuzi ndefu hushikana vyema, ndiyo maana washi huwa nyembamba na bado haichaniki upesi; ufundi wa kuitengeneza kwa mkono, katika Shimane, Gifu na Saitama, uliingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2014. Hata hivyo Wajapani wenyewe hawakuwa watumwa wa malighafi. Katika eneo la Tsugaru, mkoani Aomori, ambako baridi haikuruhusu mwanzi mzuri kuota, mafundi walichonga fito za tiara kwa mbao za mti uitwao hiba.

Kaki yako basi inatosha. Eneo la tiara yako, ikiwa mbavu ziko sentimita 25 kutoka juu na 25 kutoka chini, ni kama mita za mraba 0.6. Karatasi ya gramu 70 kwa mita ya mraba itakuongezea gramu 42 tu, mzigo ambao fito zako zinaweza kuubeba. Udhaifu wake ni kuchanika kwenye pembe na mahali hatamu zinapopenya, kwa hiyo bandika hapo viraka vya kitambaa chepesi kabla ya kutoboa. Karatasi ya shashi ni nyepesi zaidi lakini kwa ukubwa huu itapasuka. Rangi zipakwe kabla ya kubandika karatasi kwenye fito, na ziwe za majimaji zinazopenyeza mwanga, kwa sababu tiara hutazamwa jua likiwa nyuma yake: wino mweusi kwa michoro ya nje, mistari minene, halafu rangi. Zile za unga zinazotiwa kwenye ukili wa mikeka zinafanya kazi vizuri sana. Mafundi wa Japani huipaka karatasi maji ya shabu yaliyochanganywa na gundi ya ngozi ili wino usisambae, nawe shabu utaipata dukani bila shida. Rangi nzito za ukutani ziepuke; huongeza uzito na kuikunja karatasi ikikauka.

Hatamu sitazieleza kwa urefu, maana zako ni sawa. Hakikisha tu kwamba zimefungwa katika nukta nne, kila moja ikiwa katikati ya uti wa mgongo na ncha ya ubavu, na kwamba mbavu zote mbili zina mkunjo ulio sawa. Pete ya kufungia uzi ikae mkabala na mahali palipo chini kidogo ya ubavu wa juu. Ukiipandisha, tiara hulala zaidi na kupanda karibu na kichwa chako. Ukiishusha, husimama na kuvuta kwa nguvu. Isogeze sentimita 1 kwa mara moja. Uzi wa kurushia uwe wa kusokotwa au kusukwa, wenye kuhimili kilo 30 hivi. Mshipi wa kuvulia haufai, kwani hunyumbuka na hukata viganja vya watoto. Wanafunzi wasirushe karibu na nyaya za umeme, na uzi wenye waya ndani yake usitumike kabisa.

Mkimaliza, fungueni nyuzi za upinde kila mara, kwani mwanzi unaoachwa umepindwa usiku kucha huzoea mkunjo huo, na mara chache nusu zake mbili huuzoea kwa kiasi kilicho sawa. Katika rokkaku za Sanjo uti wa mgongo huchomolewa, na tiara nzima huviringishwa pamoja na mbavu zake. Ukitaka kufanya vivyo hivyo, usiubandike uti huo kwenye karatasi. Ushonee vifuko vya kitambaa juu na chini, na uufunge kwa uzi mahali unapokutana na mbavu.