Mama mkwe aache Kisukuma?

SWALI: Shikamoo mama. Mwanangu ana mwaka mmoja na miezi tisa. Anatembea vizuri, ila maneno yake hayazidi saba. Alfajiri nakwenda soko la Mwaloni kuchukua dagaa, yeye hubaki Kitangiri na mama mkwe, ambaye humsemesha Kisukuma tu. Wifi yangu anasema lugha mbili zinamchanganya mtoto. Jirani anasema akatwe kimio. Nimsikilize nani?
Mama K., Mwanza

JIBU: Marahaba mwanangu. La kimio kwanza, maana ndilo linalonitia hofu. Kile kinyama cha nyuma ya kinywa hakimzuii mtoto kusema. Nimeuguza wodi ya watoto mpaka nikastaafu; waliokatwa mitaani nimewapokea wakivuja damu, wengine koo limeoza. Aliyeletewa maneno na wembe sijamwona.

Wifi yako naye hayuko sahihi, ingawa mwambie taratibu. Mtoto wa lugha mbili huhesabiwa maneno ya lugha zote pamoja. Akiomba "minzi" kwa bibi na maji kwako, hayo ni mawili. Hayo saba uliyahesabu wewe jioni, au ulimuuliza na bibi? Kama ni saba kweli, ni machache kwa umri huo, sikufichi, lakini Kisukuma si sababu. Tena mama mkwe asiache. Akijilazimisha Kiswahili asichokizoea atasema machache, na mtoto anahitaji mtu wa kumtazama usoni na kumjibu anapobwabwaja. Bibi anapochambua dagaa, mtoto akinyoosha kidole kwa kunguru, amtaje yule kunguru, aseme anataka kuiba, kisha anyamaze kidogo mtoto naye atie lake. Katuni za simu hazimngojei mtu ajibu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa 2019, halishauri kabisa skrini kwa mtoto wa mwaka mmoja. (Hukuitaja simu, lakini nyumba zetu nazijua.)

Chakula pia: upungufu wa madini chuma hurudisha nyuma ubongo wa mtoto. Hao dagaa unaouza, wasage umtilie kwenye uji. Mchanga utoe kwanza, unaujua mwenyewe.

Ninachotaka ukiangalie wiki hii ni masikio. Zima redio, simama nyuma yake asikuone, umwite kwa sauti ya kawaida. Rudia siku nyingine. Asipogeuka, au sikio likitoa usaha, au akipoteza maneno aliyokuwa nayo, nenda kliniki akaandikiwe rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo, hospitali ya Bugando wapo. Hata akisikia vizuri, akifika miaka miwili bila kuunga maneno mawili, kama "mama njoo", mpeleke. Na mama mkwe mwende naye, kwa sababu daktari atauliza mtoto anasema nini mchana kutwa, na wewe saa hizo uko Mwaloni.