Fundi wa Baiskeli Anajibu: Pedi za breki ya diski zimeng'ang'ania

SWALI: Shikamoo fundi. Nina baiskeli ya gia ya mtumba, zile zinazoshushwa na kontena, ina breki za diski za oili mbele na nyuma. Nimetoka nayo Dar kuja Moro kwenye buti ya basi, konda akasema toa tairi la mbele ndo itaingia, nikatoa. Kufika nyumbani narudisha tairi, diski haiingii kabisa, pedi zimekutana hata karatasi haipiti. Fundi wa mtaani kwetu anasema tuzipanue kwa bisibisi, zikigoma tumwagie oili ya breki ya gari kulainisha. Nimemwambia asubiri kwanza nikuulize. Msomaji, Morogoro.

JIBU: Marahaba kijana wangu, na umefanya la maana sana kumwambia asubiri, maana hayo mawili aliyotaka kufanya ndo yanayoua breki nzima kabisa.

Hapo hakuna kilichoharibika. Tairi likiwa nje halafu mkono wa breki ukabanwa, na kwenye buti ya basi mabegi yanaulalia tu huo mkono njia nzima, pistoni, yaani vile vidude vya duara vinavyosukuma pedi, zinasukumwa mbele na hazina diski ya kuzizuia, kwa hiyo zinatoka mpaka pedi zinakutana. Kila pistoni imezungukwa na mpira, tunauita sili. Ukibana breki ule mpira unajikunja kidogo na pistoni, ukiachia unajinyoosha unairudisha nyuma, lakini kidogo tu, hata milimita nzima haifiki. Pistoni ikishatoka mbali inateleza juu ya ule mpira na inabaki hukohuko, ndo maana haijirudishi yenyewe, lazima uisukume.

Sasa kusukuma. Acha pedi zilezile za zamani humo ndani, zinakukingia pistoni, kwa sababu pistoni nyingi za breki hizi ni za kauri au plastiki ngumu na bisibisi inazimega ukingo, ikishamegeka oili itavuja na hakuna wa kukutengenezea. Tafuta kile kiplastiki cha kutolea tairi kwenye ringi, au chonga kijiti kikavu kiwe bapa, kiingize katikati ya pedi uanze kupanua taratibu, upande huu kidogo upande ule kidogo, usitumie nguvu za hasira. Utaona zinarudi polepole kwa sababu oili inapanda juu kwenye kijitanki cha mkono wa breki. Kama zinarudi nusu halafu zinagoma kabisa, inawezekana mwenye baiskeli wa kwanza aliongeza oili wakati pedi zimekwisha kwa hiyo tanki limejaa, hapo legeza kile kiskrubu kidogo cha juu kwenye mkono wa breki, weka kitambaa, sukuma, itamwagika kidogo, funga.

Kuna kitu kingine cha kuangalia ukiwa hapohapo. Baiskeli za kontena zinakaa muda mrefu, vumbi la pedi linagandia pembeni ya pistoni, moja inatembea na nyingine haitembei, na hapo ndo utasikia diski inasugua upande mmoja kila ukizungusha tairi. Toa pedi, huwa kuna kipini au skrubu inayozishika, skrubu inafunguliwa kwa alenki ndogo, angalia springi yake imekaaje ili urudishe vilevile. Izuie pistoni inayotembea kwa kile kiplastiki, bana breki polepole mpaka ile iliyogoma itokeze kidogo, nasema kidogo, ikitoka yote umepata kazi nyingine. Ifute pembeni kwa pamba yenye spiriti, paka tone moja la oili ileile ya breki yako, irudishe ndani, itoe tena, irudishe, mpaka zote mbili zitembee sawa. Halafu futa kila tone kabla ya kurudisha pedi. Na spiriti ya duka la dawa isome chupa kwanza, zipo zinazotiwa mafuta ya nyonyo kwa ajili ya ngozi, hizo usilete karibu na breki.

Kuhusu oili ya gari hapa naomba unisikilize vizuri na umfikishie na fundi wako. Ile ni DOT, aina moja ya oili ya breki. Kwenye kampuni za breki za baiskeli, Shimano, Tektro na Magura wanatumia oili ya mineroli, ambayo ni aina nyingine, Hope na Hayes na SRAM nyingi wanatumia DOT, ingawa SRAM wana breki za karibuni za mineroli pia, kwa hiyo usikisie, soma maandishi kwenye mkono wa breki au kifuniko cha tanki. Ukitia DOT kwenye breki ya mineroli sili zinavimba zinashika pistoni, na hapo utasukuma mpaka uchoke, hamna kusafisha kutakakosaidia, ni kununua breki nyingine. Naumia sana nikiona breki nzima kabisa inakufa kwa sababu oili iliyokuwepo dukani ni ya gari.

Ukirudisha tairi, legeza zile bolti mbili zinazoshika kalipa, yaani kile kikasha chenye pistoni na pedi, kwenye uma wa mbele, bana breki kwa nguvu uishikilie, kaza bolti moja kidogo nyingine kidogo huku umebana, achia. Kalipa inajiweka katikati yenyewe. Zungusha tairi uchungulie kwa mwanga wa upande wa pili, uone uwazi huku na huku. Na safari ijayo tairi likitoka tu kunja kipande cha boksi ukichomeke katikati ya pedi.

SWALI: Assalaam aleikum fundi. Yangu ni diski lakini ya waya, nikibana inashika, nikiachia mkono unarudi nusu na pedi inabaki imeng'ang'ania. Niko karibu na bahari. Msomaji, Mombasa.

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Fungua waya kwenye kalipa, kisha kisukume kile kimkono cha kalipa kwa kidole. Kikirudi kwa kishindo basi kalipa ni nzima, kutu iko kwenye waya, chumvi ya baharini inaingia ndani ya ganda la waya na haionekani kwa nje. Badilisha waya pamoja na ganda lake, usibadilishe kimoja. Kisiporudi, kalipa ndo imegoma, toa pedi kwanza uweke mbali, ndo utie tone la oili kwenye egemeo la kimkono na ukichezeshe mpaka kilegee, ufute kabla ya kurudisha pedi. Na pedi zikilika usikaze waya kufidia, sogeza pedi kwa ile skrubu ya upande wa spoku.

SWALI: Fundi, rafiki yangu alinipulizia mafuta ya kuondoa kutu kwenye kalipa ili pedi ziachie, zimeachia kweli ila sasa breki inapiga kelele na haishiki. Msomaji, Arusha.

JIBU: Pole sana. Pedi zimeshakunywa mafuta, kuzipiga msasa au kuzichoma mara nyingi hakuzirudishi, nunua mpya. Diski isafishe kwa spiriti na kitambaa safi, usiiguse kwa vidole, na hata kalipa ndani ifute. Pedi mpya zikishaingia tafuta sehemu tambarare isiyo na magari, kimbiza baiskeli kiasi, bana polepole mpaka ikaribie kusimama, achia kabla haijasimama, rudia mara nyingi, kama ishirini hivi, mpaka usikie inashika vizuri. Mteremko wowote usubiri mpaka hapo.