ZnO ya nano kuchoka mara ya tatu

Unapotumia tena chembe nano za ZnO (oksaidi ya zinki) kama kichocheo cha mmenyuko wa Knoevenagel, yaani kuunganisha benzaldehaidi na malononitraili, mavuno yakashuka mara ya tatu, kabla ya kulaumu chembe angalia benzaldehaidi yako. Ikikaa na hewa chupani hugeuka asidi benzoiki, nayo huua sehemu za kibesi zinazochochea mmenyuko kwenye uso wa oksaidi, hata kuyeyusha zinki yenyewe. Osha benzaldehaidi hiyo kwa myeyusho wa sodiamu baikaboneti, ikaushe, uikeneke upya.

Vipimo: benzaldehaidi g 1.06, malononitraili g 0.66, ZnO g 0.08 (asilimia 10 kwa moli), ethanoli mL 10. Malononitraili ni sumu, na zao la mmenyuko huu ni ndugu wa gesi ya machozi ya CS, kwa hiyo fanyia ndani ya kabati la kufyonza hewa.

Zao likiganda juu ya chembe, osha kwa ethanoli ya moto mara tatu, tenganisha kwa sentrifuji, kausha, kisha choma 400 °C saa 2. Ukifika 600 na zaidi chembe hushikana na eneo la uso hupotea.

Bado inashuka? Chuja ZnO mmenyuko ukiwa moto, nusu njia. Kimiminika kikiendelea kutoa zao haraka kuliko jaribio lisilo na kichocheo, zinki inavuja kutoka kwenye chembe kuingia kwenye kimiminika.