Usiimbe Alifu Bee Tee: Nilivyojifunza Kuzitambua Herufi za Kiarabu Ukubwani

Chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, nilianza nina miaka 6. Nilikuwa na sauti kali, na mwalimu alipenda kuniita mbele niwaongoze wenzangu: alifu, bee, tee, thee, jimu, mpaka yee, bila kukwama. Juzuu ya Amma, sehemu ya mwisho ya Kurani, niliimaliza yote. Kidole kilitembea juu ya mstari, mdomo ukakifuata, na kila aliyenitazama aliamini kuwa ninasoma. Hata mimi niliamini.

Nilipofika miaka 31 nilikuwa na duka la viungo Tanga. Mwezi wa Shaabani tende ziliingia, na mteja mmoja, mama wa makamo, akainua boksi akaniuliza, "Mwanangu, hizi ni ajwa au ni sukari?" Upande wa boksi wenye maandishi ya Kizungu ulikuwa umelowa na kuchanika. Upande wa pili palikuwa na neno moja kubwa, jina la tende za aina ya sukari: سكري. Niliona meno matatu, kijiti kilichoinama, kitu kama ndoano, kisha mkia. Sikuitambua hata herufi moja. Yule mama akaniuliza kwa upole, "Kwani wewe hukusoma chuo?"

Nilisoma. Ndiyo maana swali lile liliniuma kwa siku nyingi. Sini, kafu, ree, yee: zote nne nilizitaja kila siku ya utoto wangu, na zilipokaa mbele yangu juu ya boksi la tende zilinipita kama watu nisiowajua.

Simlaumu mwalimu wangu wa kwanza. Tulikuwa watoto zaidi ya 40 na ubao mmoja. Ila nataka kuandika haya kwa sababu najua tuko wengi: watu wazima tuliohitimu kwa sikio, tunaoona haya kurudi nyuma, na wazazi ambao watoto wao hivi sasa wanaimba vizuri na sisi tunafurahi. Kukariri ni jambo jema, na lina thawabu zake. Kutambua herufi ni kazi nyingine, nayo hufanywa na jicho.

Aliyenifungua macho ni jirani yetu, bibi aliyesomesha watoto kwa miaka mingi. Nilimwendea baada ya magharibi. "Shikamoo, Bi Mwalimu." "Marahaba, mwanangu." Nikamweleza habari ya boksi la tende. Hakucheka. Alichukua kipande cha kadi ya kiberiti, akakitoboa tundu dogo kwa mkasi, akakilaza juu ya ukurasa wa juzuu ili ionekane herufi moja tu. "Hii?" Mimi kimoyomoyo nikaanza: alifu, bee, tee... Akaniona midomo inavyocheza. "Usiimbe, mwanangu. Hii hapa, jina lake nani?"

Jaribu hivyo leo. Toboa karatasi, mpe mtu aisogeze kwenye ukurasa bila mpango, na utaje jina ndani ya muda wa pumzi moja. Ikibidi urudi kwenye wimbo ili uifikie, bado huijui. Katika herufi 28 zilizosimama peke yake, mimi nilizijua 11.

Tulipoanza upya, Bi Mwalimu alinikataza kuhesabu herufi. Tulihesabu maumbo. Zivue nukta zote na herufi 28 zitabaki maumbo 18 tu. Bee, tee na thee ni sahani ile ile: ب ت ث. Jimu, hee na khee ni tumbo lile lile: ج ح خ. Dali na dhali, ree na zee, sini na shini, swadi na dhwadi, twee na dhwee, aini na ghaini ni mapacha: mmoja kavaa nukta, mwenziwe hakuvaa. Ukijifunza umbo kwanza, kisha nukta, kazi hupungua mno, na watoto hulipenda jambo hili kuliko wimbo.

Nukta nazo zina hesabu yake, na hapa ndipo ninapotaka utulie. Herufi zenye nukta ni 15, zisizo na nukta ni 13. Zenye nukta chini ni 3 peke yake: bee, jimu na yee. Kwa hiyo ukiona nukta moja chini, majibu ni mawili tu, bee au jimu, na maumbo yao hayafanani hata kidogo. Nukta mbili chini ni yee, huna haja ya kufikiri. Nukta tatu juu ni thee au shini. Nukta mbili juu ni tee au qafu, pamoja na ile tee ya kufunga, ة, ambayo haikai popote ila mwisho wa neno. Kinachobaki ni nukta moja juu, na hapo ndipo penye umati: khee, dhali, zee, dhwadi, dhwee, ghaini, fee, nuni. Hizo nane nilizipa wiki nzima. (Ukikutana na msahafu uliochapwa kwa hati ya Morocco na nchi jirani zake, utaona fee imewekwa nukta chini na qafu nukta moja juu. Si makosa ya uchapaji, ni desturi yao. Usijifunzie humo mwanzoni.)

Baada ya hapo ndipo wengi huvunjika moyo, kwa sababu herufi zikiungana hubadilika sura. Kafu ikiwa peke yake ni ك, ikiwa katikati ni kile kijiti kilichoinama nilichokiona kwenye boksi. Vitabu vingi hukuwekea jedwali la mwanzo, katikati na mwisho, herufi baada ya herufi, na mtu mzima aliyechoka na kazi hawezi kulimaliza. Mimi nina njia nyingine, na hii niliigundua mwenyewe nikiwa nimekaa dukani.

Zipo herufi 6 ambazo haziungi mbele. Huipokea herufi iliyotangulia, lakini haziishiki inayofuata: alifu, dali, dhali, ree, zee na wau. Neno likijaa herufi hizi, kila herufi husimama peke yake kwa sura yake kamili, ile ile uliyoizoea ubaoni. Na Kiswahili chetu kina maneno mengi ya namna hiyo tuliyoyapata kutoka Kiarabu. Tazama:

roho — روح
adabu — أدب
riziki — رزق
darasa — درس
waridi — ورد
dawa — دواء

Soma kutoka kulia. Ree, wau, hee: roho. Alifu, dali, bee: adabu. Ree, zee, qafu: riziki. Hakuna kilichoungana na hakuna sura ngeni. Kile kialama kidogo juu ya alifu ya adabu na mwishoni mwa dawa ni hamza, kitambue tu kwa sasa. Siku ya kwanza niliposoma "riziki" bila kuimba, nilifunga kitabu nikakaa kimya kidogo. Lilikuwa neno langu, nililolitamka maisha yangu yote, na sasa nilikuwa nimeliona uso wake.

Maneno haya sita yakishakaa, nenda kwenye yanayoungana, lakini usiache maneno unayoyajua. Kalamu ni قلم, herufi tatu zimeshikana. Sukari ni سكر: sini ya mwanzo yenye meno, kafu ya katikati, ree ya mwisho. Bahari ni بحر. Asali ni عسل. Samaki ni سمك. Kitabu ni كتاب, ambapo bee ya mwisho imeachwa peke yake kwa sababu alifu haikuishika. Mzungumzaji wa Kiswahili ana mali hii ambayo wanafunzi wengi wa nchi nyingine hawana: maana anayo tayari, sauti anayo karibu, kilichobaki ni sura. Sielewi kwa nini madarasa mengi ya watu wazima huanza na maneno yasiyojulikana.

Nikupe mfano mmoja wa kutazama kwa karibu. Binti huandikwa بنت. Beti, kwa maana ya ubeti wa shairi, na huko kwao pia maana yake nyumba, huandikwa بيت. Yaangalie vizuri. Meno ni yale yale na mkia ni ule ule. Bee, tee, thee, nuni na yee zikiingia katikati ya neno zote hugeuka kijino kimoja, na hakuna kinachozitenganisha ila nukta. Katika binti kijino cha pili kina nukta moja juu, katika beti kina mbili chini. Mtu aliyezoea kutazama umbo la neno zima atalitaja lolote linalomjia. Mtu aliyezoea kuuliza "nukta ziko wapi, ngapi?" hatakosea.

Fee na qafu nazo ni hivyo hivyo. Zikiwa peke yake, fee hulala juu ya mstari, ف, na qafu huteremka chini kama bakuli, ق. Katikati ya neno bakuli halipo tena na ni nukta tu zinazosema. Aini ndiyo iliyonisumbua kuliko zote. Peke yake ina mdomo wazi, katikati mdomo hufungwa ikawa kama kifundo, ـعـ. Nilikuwa naichanganya na fee mpaka Bi Mwalimu aliponiambia niangalie juu yake: aini haina kitu, fee ina nukta. Na hee ya hewa, ه, ina sura nyingi kuliko wenzake. Katikati huonekana kama macho mawili, moja juu na moja chini. Usiifanyie haraka.

Nimesema hee ya hewa kwa sababu kwa herufi za Kirumi h moja tunaiandikia sauti zaidi ya moja. Haki ni حق, hewa ni هواء, na habari kwa asili yake ni خبر, ambayo wazee wengine bado huitamka khabari. Vivyo hivyo k: kitabu kina kafu, kalamu ina qafu. Lakini th, dh na gh tunazo: thamani, dhahabu, ghali. Tahadhari kwenye dh tu, kwa sababu nyuma yake wamejificha watatu: dhahabu ni dhali, ardhi ni dhwadi, dhuluma ni dhwee. Kwa kutamka tafuta mtu wa kukusikiliza. Sikio halifundishwi na karatasi.

Irabu nitazitaja kwa ufupi. Fataha, kisra na dhuma, alama za a, i na u, hukaa juu na chini ya herufi, na neno lenyewe "irabu" ndilo tunalolitumia shuleni kwa a, e, i, o, u. Inasimuliwa kuwa Abu al-Aswad al-Du'ali, katika karne ya 7, ndiye aliyeanza kuweka nukta za kuonyesha matamshi, na alama tunazoziona leo hunasibishwa na al-Khalil ibn Ahmad al-Farahidi wa karne ya 8. Kwa hiyo usione haya kuhitaji msaada huo. Waliokuwa wakikizungumza Kiarabu nao walihitaji. Kwa Kiswahili ndiyo hasa: andika baba, bibi na bubu kwa bee mbili bila irabu, na yote matatu yatakuwa kitu kimoja. Barua za Kiswahili za kale zaidi zinazojulikana ziliandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa herufi hizi hizi, na zimehifadhiwa Goa, India. Nikifikiri kwamba mtu wa pwani aliandika mambo yake kwa lugha yangu, na mimi nisingeweza kutambua hata bee ya kwanza, napata nguvu ya kuendelea.

Muda? Mimi nilitumia dakika 20 kila siku, baada ya magharibi, na katika wiki ya sita tundu la kadi halikunishinda tena. Usiruke siku. Saa mbili za Jumapili hazilipi dakika 20 za kila siku, hilo nimelijaribu likanirudisha nyuma. Andika pia kwa mkono, kwa kalamu nene, maana jicho hukumbuka kile ambacho mkono umekichora. Na ukiwa na biashara kama yangu, jifunze tarakimu mapema: ٥ ni tano ingawa inafanana na sifuri yetu, sifuri ni nukta tu, ٠, na ٦ ni sita ingawa jicho linataka kuisoma saba. Tarehe za kuharibika kwa bidhaa huandikwa hivyo kwenye maboksi mengi, na kosa hapo ni afya ya mtu.

Kilichobaki kunipa taabu ni mwandiko wa mkono. Herufi za vitabuni na za maboksi ni za hati ya naskhi, zimesimama wazi. Anayeandika haraka hutumia rukaa: nukta mbili huwa kistari, tatu huwa kama paa la nyumba, na meno ya sini hulazwa yakawa mstari mtupu. Usiiguse mpaka naskhi ikukae. Mzigo wangu wa Muscat huja na risiti za namna hiyo, na sasa ninaziweka zote kwenye bahasha chini ya mizani. Kila Ijumaa, kabla ya kufungua duka, natoa moja. Wiki iliyopita nilipata maneno matano kati ya tisa, na la tano lilikuwa قرنفل, karafuu.