Je, dereva aruhusiwa kuzungumza kwa simu asiyoishika?

SWALI: Mhariri, mimi ni dereva wa teksi, na kila siku huvuka daraja la Nyali. Wateja hunipigia nikiwa njiani kuuliza nimefika wapi. Mwenzangu wa stendi hushikilia kuwa maadamu nimevaa spika ya sikioni na mikono yote iko kwenye usukani, askari wa trafiki hawezi kunishika. Je, ni kweli? Na tukikwama kwenye foleni?
Dereva, Kisauni

JIBU: Ndugu dereva, usiyategemee maneno ya mwenzako. Kanuni za Kenya za makosa madogo ya trafiki za mwaka 2016 zinamtoza shilingi 2,000 dereva anayetumia simu ya mkononi gari likiwa katika mwendo, na orodha hiyo ya makosa haikuitenga spika ya sikioni. Huenda amesikia habari za ng'ambo: California, tangu Julai 2008, humruhusu dereva mtu mzima kuzungumza kwa simu asiyoishika, na Uingereza, iliyopiga marufuku simu ya kushikwa mwaka 2003, sasa humtoza mkosaji pauni 200 na kumwekea alama 6 kwenye leseni. Hata hivyo, huko Uingereza dereva aliyevaa spika bado hushtakiwa akionekana kushindwa kulimudu gari. Kwetu pia, sheria ya trafiki ina kosa la kuendesha bila uangalifu, ambalo halijali simu ilikuwa mkononi au sikioni.

Sheria kando, uchunguzi uliofanywa Toronto na kuchapishwa mwaka 1997 katika jarida la tiba la New England Journal of Medicine ulionyesha kuwa hatari ya kugonga huongezeka takriban mara 4 dereva anapozungumza kwa simu, na haukuona nafuu yoyote kwa wale ambao hawakuishika. Kinachotekwa ni akili. Ukiteremka darajani kuelekea Kongowea kwa kilomita 50 kwa saa, gari hula karibu mita 14 kila sekunde. Mkokoteni wa viazi ukichomoza kutoka upande wa soko huku wewe ukimweleza mteja rangi ya gari lako, utauona bila kuutambua. (Wa bodaboda wanaoikandamiza simu ndani ya helmeti nao wasidhani hawahusiki.)

Kuhusu foleni, kanuni yetu inataja gari lililo katika mwendo, lakini foleni ya Nyali husogea hatua kwa hatua, na ubishi wa kama gari lilikuwa limesimama au la utaumaliza mbele ya hakimu, siku nzima ya kazi ikiwa imepotea. Mtumie mteja ujumbe kabla ya kung'oa gari, umwambie utakapotokea na muda wa kumfikia. Akipiga, iache iite hadi uingie kituo cha petroli au mahali pengine pa kuegesha, kisha umpigie wewe. Juu ya daraja lenyewe usisimame.