Mama anakubali mwanawe achanjwe, yeye mwenyewe anakataa: ni hofu au ni uzushi?

SWALI: Mimi ni muuguzi wa zahanati moja katika kaunti ya Kilifi. Wajawazito kadhaa huleta watoto wao kuchanjwa bila tatizo, lakini ikifika zamu yao ya sindano ya pepopunda hukataa, wakisema inafunga uzazi. Nikiwaeleza ndivyo wanavyozidi kukaza. Je, napambana na hofu au na uzushi, na nianzie wapi?

JIBU: Bi Muuguzi, unapambana na vyote viwili, ila hofu ndiyo iliyotangulia. Mjamzito huiogopa sindano yoyote kwa sababu ya aliyemo tumboni, na uzushi humpa maelezo ya hofu hiyo pamoja na mtu wa kumlaumu.

Uzushi huu hasa una historia. Mwaka 2014 maaskofu wa Kanisa Katoliki nchini Kenya walidai hadharani kwamba chanjo ya pepopunda iliyokuwa ikitolewa kwa wanawake wa miaka 14 hadi 49 ilikuwa imetiwa hCG, homoni ya ujauzito, ili kuwafanya tasa. Serikali, WHO na UNICEF walikanusha, na ikaelezwa kwamba baadhi ya maabara zilikuwa zimeipima chanjo kama vile inavyopimwa damu ya mgonjwa, jambo ambalo haliwezi kutoa majibu ya kuaminika. Hata hivyo dai lilishika, kwa kuwa lilibeba chembe ya ukweli: watafiti wa India waliwahi kujaribu chanjo ya kuzuia mimba iliyounganisha sehemu ya homoni hiyo na sumu ya pepopunda iliyoondolewa makali. Hiyo ilikuwa chanjo nyingine kabisa, lakini aliyesikia robo ya habari hawezi kulijua hilo.

Zaidi ya hayo, watu waliuliza kwa nini wachanjwe wanawake peke yao, tena mara tano, na kwa maoni yangu jibu lilichelewa mno. Mtoto mchanga huambukizwa kupitia kitovu kilichokatwa kwa wembe mchafu, na kingamwili za mama humfikia kupitia kondo la nyuma angali tumboni. Dozi tano zikikamilika, kinga hudumu kwa sehemu kubwa ya miaka ya uzazi.

Kuhusu pa kuanzia, wanasaikolojia Daniel Jolley na Karen Douglas wa Uingereza walionyesha mwaka 2014 kwamba waliosoma madai ya njama kuhusu chanjo walipungukiwa na nia ya kumchanja mtoto wa kubuniwa, kwa sababu mojawapo ikiwa kujihisi hawana uwezo juu ya mambo yao. Mwaka 2017 walionyesha pia kwamba hoja za kupinga njama zilisaidia zilipotangulia madai hayo, na hazikufua dafu zilipoyafuata. Kwa hiyo zungumza siku ya kwanza ya kliniki, kabla jirani hajazungumza. Kwa aliyekwisha kuamini, muulize kwanza amesikia nini, umwache amalize, wala usiuite upuuzi, kwani ukimdharau utakuwa umemwongezea kule kujihisi mnyonge.

Kisha, ikiwa si mimba yake ya kwanza, fungueni pamoja kijitabu chake cha mama na mtoto. Huenda mkakuta tarehe ya sindano ya pepopunda aliyochomwa katika mimba iliyopita. Mwache aisome mwenyewe, kisha muulize mimba aliyonayo sasa ina miezi mingapi.